Kiu ya Mzee Tienfa

Marehemu Mzee Tienfa alianza kusumbuliwa na kiu wiki ile ile daktari alipomkataza mjane wake sukari. Kabla ya hapo alikuwa marehemu mtulivu, asiye na makuu. Alipewa matunda na vijiti vya udi mwezi ulipoandama na ulipokuwa mpevu, kama wahenga wengine wote wa mtaa ule wa Tainan, na hakuwahi kulalamika. Sasa alikuwa anamjia Bibi Suchin ndotoni, midomo imemkauka, akiomba chai ya maziwa yenye gololi laini za muhogo za kutafuna, kikombe kikubwa, barafu kidogo, sukari kamili.

"Sukari kamili aliitaja mwenyewe?" Peiyu aliuliza alipohadithiwa ndoto hiyo. Alikuwa amechuchumaa sakafuni, anamfunga mkwewe bandeji.

"Aliitaja. Baba mkwe wako ni mtu wa kutaja mambo waziwazi."

"Na barafu?"

"Barafu kidogo. Koo lake unalijua."

Peiyu hakulijua koo la marehemu kwa kiasi hicho, lakini hakubisha. Alikuwa mke wa mwana wa kwanza, na mke wa mwana wa kwanza akibishana na ndoto za mkwewe habari hufika sokoni kabla ya samaki. Akamaliza kufunga kile kidole gumba cha mguu wa kulia, taratibu, kama mtu anayefunga zawadi asiyotaka ifunguliwe.

Kidole hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima Peiyu raha. Bibi Suchin alikuwa amevaa viatu vipya kwenda kuusindikiza msafara wa mungu wa hekalu la mtaa, viatu vikamchubua, na mchubuko ukageuka kidonda kisichotaka kupona. Daktari alikitazama, akatazama karatasi ya vipimo vya damu, akasema kwa upole kwamba kama hadi miadi ya mwisho wa mwezi kidonda hakijaanza kujifunga, kidole kitaondolewa. "Na tukishaanza kuondoa, bibi, sipendi kukudanganya kwamba ninajua tutaishia wapi." Njiani kurudi nyumbani Bibi Suchin alisema daktari yule bado mtoto, hata shingo yake haijajaa kwenye kola. Peiyu ndiye aliyebaki na maneno yale, akayalaza kila usiku kati yake na mumewe.

Jioni ile ile alivitoa nyumbani vinywaji vyote vitamu. Kreti za soda zilirudishwa dukani, na lile dumu la chai ya mumunye, nzito kama asali, akampa jirani. Badala yake alijaza friji chupa za chai ya shayiri iliyokaangwa, baridi, isiyo na sukari hata punje. Yaoting mumewe aliunga mkono kwa moyo mmoja, kisha akahamishia makopo yake ya soda chini ya kiti cha pikipiki.

Bibi Suchin aliionja chai ya shayiri mara moja. "Maji ya kusuuzia sufuria," alisema, na siku chache baadaye mumewe akaanza kupata kiu.

Peiyu alikubali kikombe kile kiwekwe mezani kwa wahenga siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu tu. Akaamini mambo yamekwisha.

* * *

Lori la taka lilikata kona likiimba wimbo wake, na watu wa kichochoro wakatoka na mifuko yao, wengine na ndala, wengine na nywele mbichi za kuoga. Peiyu alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, kwenye duka la miwani, bado amevaa koti jeupe. Mbele yake alisimama Bi Chinlan, jirani wa ukuta mmoja, amebeba mfuko mkubwa wa vikombe vya plastiki.

"Mke wa Yaoting, afadhali nimekuona," Bi Chinlan alisema, kwa sauti ambayo ilikuwa inatakiwa kuwa ya siri. "Mwambie mkweo mimi nafasi sina tena. Kila jioni ananiletea vikombe vyake nimtupie pamoja na vyangu. Leo kijana wa lori ameniuliza kama nimefungua kibanda cha chai."

"Vikombe gani, shangazi?"

"Vya gololi za muhogo. Si hivi?" Akaufungua mfuko. Vikombe vilikuwa vimesuuzwa vizuri na kupangwa kimoja ndani ya kingine, kwa unadhifu ambao Peiyu aliutambua mara moja. Hakuna mwingine mtaani aliyepanga vitu namna hiyo.

Mama mmoja wa nyumba ya mwisho akachungulia. "Kumbe kwenu mnakunywa vizuri namna hii. Mbona mkweo alituambia unamnywesha maji matupu kama mfungwa?"

"Mfungwa gani anayekunywa gololi?" akauliza mwingine, na kichochoro kizima kikacheka, hata kijana wa lori.

Peiyu alikuwa mtu wa haya. Akiaibika, masikio yake ndiyo yaliyotangulia kuiva, na jioni ile yaliiva hadi akahisi joto lake. Kwa wakati mmoja alikuwa amekuwa mkwe katili anayemnyima mama wa watu kinywaji, na mkwe mzembe asiyejua kinachonywewa ndani ya nyumba yake. Akaupokea mfuko wa Bi Chinlan kwa mikono miwili, akashukuru, akautupa yeye mwenyewe.

* * *

"Mama," alisema walipokaa kula, "vikombe vya kwa Bi Chinlan ni vya nani?"

"Vya baba mkwe wako."

"Vyote?"

"Unataka anywe kwa zamu na marehemu wa jirani?"

Yaoting akacheka, kisha akakumbuka upande anaotakiwa kuushika, akainamia bakuli lake la wali.

"Tulikubaliana mwezi mwandamo na mwezi mpevu."

"Tulikubaliana wewe na mimi. Yeye hakuwepo."

"Vilikuwa vitupu, Mama. Hata gololi moja haikubaki."

"Mhenga anakula harufu. Kinachobaki kinashushwa. Au kwenu ulifundishwa kumwaga sadaka ya wahenga mferejini?"

"Sikufundishwa hivyo."

"Basi. Udi ukiisha, kikombe kinashushwa, na mtu anakinywa, ndiyo adabu. Saa tisa alasiri nyumba hii ina nani? Ina mimi na mjusi. Mjusi hanywi."

Peiyu akamgeukia mumewe. "Yaoting, sema basi."

Yaoting alitafuna kwa muda mrefu kuliko wali ulivyohitaji. "Mama, kidole..."

"Kidole ni changu. Nimetembea nacho kabla wewe hujajua kutambaa."

"Basi baba tumwekee chai ya shayiri," Peiyu alisema. "Kiu ni kiu. Itakatwa na chochote."

Bibi Suchin aliviweka chini vijiti vyake vya kulia. "Mwanamume amefanya kazi kiwanda cha sukari maisha yake yote. Akirudi nyumbani nyuki wanamfuata, nilikuwa namfungulia mlango nusu ili wasiingie wote. Leo nimwekee maji ya shayiri? Atadhani tumefilisika. Atakwenda kuwaambia na wenzake."

Akainuka akichechemea, akachukua vibao vya kuulizia kutoka kwenye meza ya wahenga. Vilikuwa viwili, vya mti, vimechongwa kama mwezi mchanga, kila kimoja upande bapa na upande wa mgongo. Vikiangushwa, kimoja kikaonyesha bapa na kingine mgongo, mhenga amesema ndiyo. Vikionyesha migongo yote miwili, amekataa. Vikilala chali vyote, bapa juu, vikitikisika, basi anacheka, na hakuna jibu.

"Tienfa, unataka chai yako ya kila siku?" Akavirusha. Migongo miwili.

"Amekataa," Peiyu alisema.

"Hajaamka. Mtu akiamshwa ghafla atakubali nini?" Akarusha tena. Vikalala chali, vikitikisika. "Unaona, anacheka, amefurahi." Akarusha mara ya tatu, kimoja bapa, kimoja mgongo. "Haya. Ndiyo. Amesema mwenyewe."

Baada ya kula, Peiyu alikaa sakafuni kama kawaida na beseni la maji ya uvuguvugu, akafungua bandeji. Bibi Suchin hakuwahi kukitazama kidonda chake. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni, kwenye mchezo ambamo mama mkwe alikuwa anamsingizia mke wa mwanawe wizi wa pete.

"Kikoje?" aliuliza, bila kugeuza shingo.

Peiyu alikiangalia kwa muda. Ukingo wake ulikuwa umeliwa zaidi upande wa ndani. "Kimeongezeka, Mama."

Mle ndani ya televisheni pete ilipatikana kwenye mkoba wa mke wa mwana.

"Ongeza sauti," Bibi Suchin alisema.

* * *

Siku ya kumbukumbu ya kifo cha Mzee Tienfa, Wanru alishuka kutoka Taipei kwa treni ya mwendo kasi, amebeba keki ya asali na chai za maziwa kwa ajili ya kila mtu, zimepangwa kwenye trei ya karatasi kama mayai. Wanru alikuwa dada yake Yaoting. Alikuja kwa mwaka mara mbili, akakaa hadi chai ipoe, na kila alipoondoka mtaa ulimsifu kwa mwezi mzima kwa jinsi anavyompenda mama yake.

"Mama, umekonda," alisema hata kabla hajavua viatu. "Wifi, mama unampa nini?"

"Anakula vizuri, wifi. Ni sukari tu tumepunguza, kwa sababu ya..."

"Ananiambia kwenye simu anapewa maji. Mama yangu, maji."

Bibi Suchin aliinua macho akaitazama dari, kama mtu anayekagua kazi ya fundi.

"Ni chai ya shayiri," Peiyu alisema.

"Wifi, mimi sikulaumu. Kama tatizo ni gharama ya vinywaji, nyinyi niambieni tu, nitatuma. Tusije tukawa watu wa kubana matumizi kwenye mdomo wa mzazi." Alisema kwa upole mwingi, na mlango ulikuwa wazi, na Bi Chinlan alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake mahali palipokwisha kufagiwa. "Mtu wa umri wake amebakiza raha gani? Sukari kidogo haijamuua mtu."

Peiyu alirudi jikoni. Alikuwa ameamka alfajiri kwenda kuchagua samaki, mwatiko mnono, amepika nyama ya nguruwe ya mchuzi mweusi aliyoipenda baba mkwe, tambi, na mayai. Alisimama pale akalipangusa bakuli lililokwisha kukauka, akalipangusa tena. Kutoka sebuleni alisikia mrija ukitoboa mfuniko wa kikombe, kile kishindo kidogo cha plastiki kinachopasuka, kisha sauti ya Bibi Suchin akiguna kwa raha. Mwisho wa mwezi haukuwa mbali. Aliona kidole kile kwenye sinia la hospitali, na akajiona yeye amesimama pembeni, na watu wote wakimtazama yeye.

* * *

Chakula kikapangwa mbele ya picha ya marehemu: mwatiko, nyama, tambi, wali, vijiti vya kulia, na katikati kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, sukari kamili, mrija umekwisha kuchomekwa ili mzee asihangaike. Udi ukawashwa. Kazi ya kuuliza ilikuwa ya Yaoting, mwana wa kwanza, maana chakula cha mhenga hakiondolewi mezani mpaka yeye mwenyewe aseme ameshiba.

"Baba, ni mimi Yaoting," alianza, "wa kiwanda cha skrubu."

"Anakujua," mama yake alisema.

"Baba, umeshiba?" Akavirusha vibao. Migongo miwili. Hapana.

Wakangoja. Udi ukateketea kiasi. Akarusha tena. Hapana. Wakangoja tena. Hapana. Tambi zilianza kushikana, na mafuta ya nyama yakaganda juu kama ukungu.

Wanru aliangalia saa. "Labda kuna kitu kimesahaulika. Vijiti vipo?"

"Vipo."

"Pilipili? Baba alipenda pilipili."

"Baba, unataka pilipili?" Yaoting akauliza. Hapana. "Baba, umekasirika kwa sababu mume wa Wanru hakuja?" Vibao vikalala chali vyote viwili, vikatikisika kwa muda mrefu.

"Anacheka nini?" Wanru aliuliza. "Mume wangu ana kazi."

"Mimi sijasema kitu. Ni baba."

"Umeuliza wewe."

Peiyu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mkononi. Sauti yake ilipotoka, yeye mwenyewe aliishangaa. "Muulizeni kuhusu kinywaji."

"Hilo ndilo ulilokuwa unalingojea," Wanru alisema.

"Kinywaji hakina tatizo," Bibi Suchin akadakia, haraka kidogo.

"Basi muulize tu, kaka, maana treni yangu hainisubiri."

Yaoting akajifuta kiganja kwenye suruali. "Baba, tatizo ni kinywaji?" Ndiyo. "Unataka cha pili?" Hapana. "Barafu ni nyingi?" Hapana. "Ni sukari?" Ndiyo.

"Ameona haitoshi," Wanru akasema. "Mwambie tunaongeza."

"Baba, tuongeze?" Hapana.

Hapo Yaoting alishika kasi, na sauti yake ikawa ile ile ya msichana wa kibanda cha chai cha kona akihudumia foleni. "Sukari pungufu?" Hapana. "Nusu sukari?" Hapana. "Sukari kidogo sana?" Vibao vikacheka. Yaoting akamtazama mama yake, akamtazama mkewe. "Bila sukari?"

Kimoja bapa, kimoja mgongo. Ndiyo.

Peiyu alikimbia kwenye friji kabla mtu hajapata pumzi, akarudi na glasi ya chai ya shayiri, akaiweka mezani karibu na mwatiko.

"Mara tatu," Bibi Suchin alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Jambo zito halipiti kwa mara moja. Mara tatu mfululizo, la sivyo ni bahati tu."

Yaoting akarusha. Ndiyo. Akavuta pumzi, akarusha mara ya tatu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kibao kimoja kikatua katikati ya sakafu, mgongo juu. Kingine kikagonga mguu wa kiti, kikaruka, kikateleza na kutokomea chini ya kabati la wahenga, lile lililobeba picha ya marehemu.

"Mtu asikiguse," Bibi Suchin alisema.

Kabati lile lilikuwa la mti mzito na nafasi ya chini yake haikuzidi kimo cha bakuli. Yaoting alijaribu kuinama, tumbo likakataa. Wanru alikuwa amevaa nguo nyeupe. Kwa hiyo Peiyu ndiye aliyelala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye vigae, akawasha taa ya simu.

Kilikuwa karibu na ukuta, kati ya mavumbi na tembe moja ya zamani ya dawa. Kilikuwa kimelala mgongo juu. Migongo miwili: hapana.

Peiyu alibaki pale. Mkono wake ulifika. Kidole kimoja tu kingetosha kukibinua, bila hata kutoa sauti. Alisikia nyayo za Wanru zikitembea karibu na kichwa chake, na mbele ya macho yake, kwenye ukingo wa mwanga, aliona mguu wa mkwewe ndani ya ndala, bandeji nyeupe aliyoifunga yeye asubuhi, tayari imeanza kuwa na doa. Alifumba macho. Akayafumbua.

"Vipi huko?" Yaoting aliuliza. "Ni bapa?"

"Mgongo," Peiyu alisema. Ilibidi arudie, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilibaki chini ya kabati. "Ni mgongo. Amekataa."

Alitoka akiburuta kile kibao, vumbi limempaka shavu na nywele. Wanru akapumua. "Basi. Hapana ni hapana."

Lakini Bibi Suchin alikuwa anamtazama Peiyu, si uso tu, bali na ule mkono. "Ulikuwa peke yako kule chini."

"Ndiyo, Mama."

"Mkono ulikuwa unakifikia?"

"Ulikuwa unakifikia."

"Na hukukigeuza."

"Ni baba, Mama," Peiyu alisema, masikio yakiiva. "Nitamsingiziaje?"

Safari hii ni masikio ya Bibi Suchin yaliyobadilika rangi. Alitazama picha ya mumewe, akatazama kikombe chenye mrija, kisha akanyoosha mkono. "Kibao kilichoingia chini ya kabati hakihesabiwi. Nipe."

"Mama, mwuliza ni mimi," Yaoting alisema.

"Wewe nenda kwenye skrubu zako."

Alisimama mbele ya picha bila kushika kiti. Alijaribu kusema kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo na wote walisikia.

"Tienfa. Zile ndoto, wewe hujanijia hata siku moja. Tangu uende, sijakuota. Ningekuota ningewaambia watu kitu kingine kabisa, si habari za gololi. Nilikuwa naweka kikombe tu ili saa tisa iwe saa tisa, kama ulivyokuwa unatoka zamu ukaja ukakaa. Sasa mguu huu unanitisha. Sikutaka kuutazama. Mke wa Yaoting ndiye anayeutazama, kila siku, na usoni mwake naona." Akarekebisha ndala. "Sitaki nije huko naruka kwa mguu mmoja. Nakujua, utanicheka mbele za wenzako. Nikinywa hii ya shayiri, utakaa nami vilevile?"

Akavirusha. Vikaanguka chali vyote viwili, bapa juu, vikatikisika, vikatikisika.

"Anacheka," Yaoting alisema. "Hilo si jibu, Mama. Rusha tena."

"Hilo linanitosha. Nakijua kicheko hicho. Ndivyo alivyokuwa anacheka kila nilipomshinda." Akaisogeza glasi ya chai ya shayiri hadi katikati ya meza, akakisukuma kando kikombe chenye mrija. "Haya. Umeshiba?"

Kimoja bapa, kimoja mgongo. Ndiyo.

Bibi Suchin akaishusha ile glasi, akainywa yote kwa mara moja, macho ameyafumba kama anayemeza dawa ya mitishamba. Alipomaliza alikaa chini, na Peiyu alipoinama kumsaidia, mkono wa mkwewe ulimpangusa vumbi shavuni, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto kabla ya kupigwa picha.

Kikabaki kile kikombe kikubwa. Sadaka haimwagwi. Wote wakamgeukia Wanru, aliyekileta.

"Mimi siwezi," Wanru alisema, akitafuta mkoba wake. "Mimi sukari niliacha tangu mwaka jana. Daktari wangu alinitisha."

Nje, fagio la Bi Chinlan lilisimama.

"Nitakosa treni," Wanru aliongeza, akaondoka, na keki yake akaisahau au akaiacha.

Yaoting alijitolea kukinywa kikombe kile kwa heshima ya baba yake, na alijitolea kwa furaha iliyopita kiasi. Peiyu alimwacha amalize gololi ya mwisho ndipo akamwambia kwamba yale makopo ya chini ya kiti cha pikipiki ameyahesabu, na kesho asubuhi atayahesabu tena.

* * *

Mwisho wa mwezi daktari alikitazama kidole kwa muda mrefu, akavaa miwani, akakitazama tena. Alisema ukingo umeanza kushikana. Alisema sukari ya damu imeshuka, si kama anavyotaka, lakini imeshuka, na kwamba kidole kitaendelea kubaki pale kilipo na waonane tena. Bibi Suchin alimwambia asijisifu, kwani dawa zake hazikuhusika; mwenye nyumba ndiye aliyebadili agizo.

"Mwenye nyumba ni nani?" daktari alimwuliza Peiyu walipokuwa wanatoka.

"Ni marehemu baba mkwe," Peiyu alisema, na daktari akaandika kitu, kisha akakifuta.

Jumamosi iliyofuata Peiyu hakuwa na zamu dukani. Saa tisa ilipofika alikuwa jikoni anasugua sufuria, na Bibi Suchin akamwita kutoka sebuleni. Juu ya meza kulikuwa na chupa ya chai ya shayiri, inatoka jasho la baridi, na glasi mbili.

"Baba ameshakunywa?" Peiyu aliuliza.

"Leo sijamwekea. Mwache apumzike, amesumbuliwa vya kutosha. Kaa."

"Sufuria, Mama..."

"Sufuria haina miguu. Kaa. Chai yako hii ni mbaya, na mtu hawezi kuimaliza peke yake bila umbea. Nyumba moja nimekaa nawe miaka yote hii, hujawahi kunipa hata umbea mmoja wa hilo duka la miwani."

Peiyu akajifuta mikono. Tangu aolewe kwenye nyumba ile hakuwahi kukaa kabla vyombo havijaisha. Akakaa, ukingoni mwa kiti kwanza, kisha vizuri. Akaanza kwa aibu na habari ya mwanamume mmoja aliyenunua miwani isiyo na nguvu yoyote, vioo vitupu, ili mama wa mchumba wake amdhanie msomi, kisha siku ya posa akaivua ili asome jina kwenye kadi.

Bibi Suchin alicheka hadi akashika kifua. Alipopata pumzi, akaisukuma glasi yake tupu mbele ya mkwe wake.

"Jaza," alisema. "Halafu? Wakampa binti au hawakumpa?"